Matundu ya Upande wa Pili

Daktari Kusuma aliinamisha kichupa cha kioo mbele ya uso wa Inspekta Palupi, na damu iliyokuwamo ikateleza kutoka upande hadi upande kama chai.

"Nimeichota zaidi ya nusu saa sasa," alisema. "Damu ya mtu mwenye afya ingekuwa imeshaganda, ningekipindua kichupa lisidondoke hata tone. Ya huyu inacheza tu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hakuumwa na mjusi, hata wenzake wa ghalani waseme nini. Ni nyoka. Ila nyoka gani, ndilo nililokuitia."

Palupi alikwisha kuchunguza vifurushi vya kila namna pale Semarang. Vya unga wa kulevya, vya simu za wizi, na mara moja kimoja kilichojaa meno ya dhahabu. Kifurushi kilichomuuma mtu kilikuwa cha kwanza.

"Si una dawa ya nyoka kabatini?" aliuliza.

"Ninayo ya swila na wenzake wawili. Kama huyu ni nyoka wa kijani mwenye sumu, yule wa kwenye mianzi, dawa yangu ni kazi bure. Ya kwake iko Surabaya, chupa chache, na wenye nayo hawaitoi kwa kubahatisha. Wanataka picha ya nyoka, kichwa kionekane vizuri. Sasa hivi uvimbe uko kwenye kiwiko. Ukifika begani na fizi zikaanza kuvuja damu, sitakuwa nazungumzia tena kidole, nitakuwa nazungumzia mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa amelala nyuma ya pazia, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Jina lake Ngatimin, kijana mchambuzi wa mizigo katika ghala la kampuni ya vifurushi. Pembeni yake mkewe, Sumirah, alikuwa akimpepea kwa karatasi ya kliniki. Tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Mtoto alikuwa wa mwezi ule ule.

"Nieleze tena, kaka," Palupi alisema.

"Si nimeshaeleza, mama. Nilikuwa natoa boksi kwenye mkanda wa kupitishia mizigo, kona ikapasuka, kitu kikachomoka, kikanigusa kidole, kikapotelea chini ya rafu. Basi."

"Kitu gani?"

"Sikukiona vizuri. Kijani. Kilipita kama umeme." Alitabasamu. "Msijisumbue. Itapoa tu. Kesho narudi kazini."

"Kesho," Sumirah aliguna. "Mkono kama mguu wa tembo, anasema kesho. Mama Inspekta, huyu hata jino likimuuma husema ni upepo."

"Wewe nenda nyumbani, mama watoto, ulete sarongi na kadi ya bima," Ngatimin alimwambia. Kwa mkono mzima akachomoa funguo za pikipiki chini ya mto. "Pikipiki iko uani. Ila usifungue kiti, sawa? Kufuli lake bovu. Ukilifungua halifungi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Usifungue tu."

Sumirah alipokea funguo, akamtazama mumewe kidogo kwa jicho la pembeni, kisha midomo yake ikacheka bila yeye kutaka. Palupi aliwaona, lakini akili yake ilishakwenda ghalani.

*

Wafanyakazi wa ghala walikuwa wote nje ya geti, wamechuchumaa kivulini, kila mmoja na mfuko wake wa chai ya barafu uliotumbukizwa mrija. Hakuna aliyekuwa tayari kurudi ndani. Msimamizi wao, Bwana Kuncoro, alimpokea Palupi akiwa ameingiza suruali ndani ya soksi.

"Mashahidi ni wengi, Inspekta. Tatizo ni wengi mno."

Ilikuwa kweli. Mmoja alisema kitu kilikuwa kijani, kirefu kama mkanda wa suruali. Wa pili akasema kahawia. Wa tatu aliapa kwamba kilikuwa na miguu, akaionyesha kwa vidole vinne, na wenzake wakamcheka hadi chai ikawapalia.

"Nani alimwona akiumwa hasa?" Palupi aliuliza.

Wakatazamana.

"Tulisikia amepiga kelele," mmoja alijibu. "Tulipogeuka ameshika kidole."

Msaidizi wake, Sajenti Tarmuji, alikuwa ndani tayari. Alisimama mbali na meza moja, mikono mgongoni, kama mtu aliyekaribishwa kula asichokipenda. Juu ya meza palikuwa na boksi la kawaida la karatasi ngumu, limetoboka kona. Kwenye lebo paliandikwa *Mimea ya mapambo. Shika kwa upole.*

"Umeangalia ndani, Sajenti?"

"Nimeangalia, mama. Kuna mwenyeji."

Ndani, katikati ya magazeti yaliyofinyangwa, kulikuwa na kopo la plastiki lenye kifuniko cha matundu. Palupi alikiinua kidogo. Mjusi mnene wa manjano, mwenye madoa kama ya chui, alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Huyo hapo," Kuncoro alisema kutokea mlangoni. "Mimi nilishasema ni mjusi. Ngatimin kaumwa na mjusi, kaingiwa na hofu, hofu ndiyo imemvimbisha."

"Mjusi huyu ni wa manjano, na kifuniko chake kilikuwa kimefungwa," Palupi alisema. "Alitoka, akauma, akarudi, akajifungia?"

Kuncoro akazivuta soksi zake juu zaidi. Tarmuji akasogea nyuma hatua nyingine, kama bado palikuwa na nafasi ya kusogea.

Palupi alilizungusha boksi. Kona iliyosemwa imepasuka haikuwa na nyuzi zozote za karatasi. Ilinyooka, kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Alipitisha ukucha. Kisha akayaona matundu ya hewa. Upande wa kushoto yalikuwa manne, ya duara, kingo zake zimeungua kahawia. Upande wa kulia yalikuwa matano au sita, ya hovyo, karatasi imesukumwa kuingia ndani.

"Sajenti, ungekuwa wewe unatoboa boksi ili mnyama apumue, ungetumia vitu viwili tofauti?"

"Mimi nisingetuma mnyama, mama."

Alikuwa bado ameinama pale aliposikia sauti ya mwanamke getini, inakuja kwa kasi, inajitangaza yenyewe.

"Nashuhudia hapa, leo hii, mbele ya kamera, boksi langu limefunguliwa bila mimi kuwepo! Muuzaji uone, dunia ione!"

Aliingia mama wa makamo mwenye kilemba cha zambarau, simu ameinyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao. Alikuwa Bi Wening, muuza keki za mvuke wa mtaa wa nyuma ya soko, na ndiye aliyeandikwa kwenye lebo kuwa mpokeaji.

"Shusha simu, mama," Palupi alisema.

"Siwezi, mwanangu. Sheria ya wauzaji ni hiyo. Ufungue boksi huku unarekodi, bila kukata, tangu lebo hadi mnyama. Usiporekodi, mnyama akiwa maiti, shauri yako. Na ninyi mmeshafungua. Sasa mahari yangu nani atanirudishia?"

"Mahari?" Tarmuji alisahau woga wake. "Umemtolea mahari mjusi?"

"Hatusemi bei. Ukiandika bei ya mnyama mtandaoni, tangazo linafutwa. Kwa hiyo tunasema mahari. Ndiyo, nimemtolea mahari, na bibi harusi wangu huyo kaachwa kwenye joto tangu asubuhi. Yu hai?"

"Yu hai."

Bi Wening akashusha simu na pumzi pamoja. Alimchungulia mjusi, akamwita majina ya watoto wachanga. Kisha akaanza kueleza bila kuulizwa, kwamba joto ndilo linalowaua zaidi, boksi likikaa saa nzima nyuma ya gari juani wanapikwa wazima. Kwamba wengine hufa kwa baridi ya ndege, wengine kwa kurushwa, wengine kwa sikukuu tu, ghala limefungwa na wao wamo. Wa mwaka jana alifika amevunjika mkia.

"Sasa kwa nini mnaandika mimea?" Palupi alimuuliza.

"Kwa sababu kampuni hazichukui wanyama. Kila mtu anaandika hivyo. Mimea, nguo, vitafunwa. Mimi niliomba mimea, maana vitafunwa huwa wanavirusha."

Kuncoro alikohoa, akatazama dari.

"Na nyoka, mama? Uliomba nyoka?"

"Nyoka!" Bi Wening alirudi nyuma. "Mimi nina wajukuu. Nyoka wa nini? Hebu tazama mwenyewe, muuzaji alinitumia video alipokuwa anafunga."

Palupi aliitazama video mara mbili. Mikono ya kijana, meza yenye kitambaa cha maua. Mjusi kwenye mizani, mjusi ndani ya kopo, kopo ndani ya magazeti, magazeti ndani ya boksi. Halafu kijana akashika chuma cha kulehemu kilichopata moto, akatoboa matundu manne upande wa kushoto, moshi ukapanda. Akageuza boksi polepole mbele ya kamera, pande zote, akazungusha utepe wa gundi.

Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Haukuwa na tundu hata moja.

Wakati huohuo simu ya Palupi iliita. Daktari Kusuma.

"Uvimbe umepita kiwiko," alisema. "Umepata chochote?"

"Nimepata mjusi."

"Inspekta."

"Najua, daktari. Nipe muda kidogo."

*

Muuzaji aliitwa Gendon, yuko Kediri, na alipokea simu kwa sauti ya mtu aliyezoea malalamiko.

"Kama kafa, nitumie video, dada. Bila video siwezi kus..."

"Hajafa. Mimi ni polisi wa Semarang. Uliweka nyoka kwenye boksi la Bi Wening?"

Jogoo aliwika huko kwake.

"Dada, mimi nyoka hata kwenye televisheni nabadilisha. Wallahi. Ninafuga mijusi na mke wangu tu."

"Ulipolifunga, lilipita mikononi mwa nani?"

"Kaunta ya vifurushi. Kuna kaunta moja tu hapa Kediri inayopokea wanyama bila maswali. Jamaa mwenyewe ni mfugaji kama sisi. Tena mstaarabu, anakwambia acha hapa, nitalipakia mwenyewe, nitaliweka juu lisibanwe."

"Anafuga nini?"

Gendon alishusha sauti. Jogoo akawika tena.

"Nyoka," alisema.

"Na huwa anakuuliza chochote?"

"Anauliza linaenda ghala gani. Akisikia Semarang anafurahi. Anasema Semarang wanashika mizigo vizuri."

Palupi alikata simu, akasimama katikati ya ghala tupu. Mkanda ulikuwa umesimama na vifurushi juu yake, kila kimoja kikisubiri mtu wa kuthubutu kukigusa. Tarmuji alimpa muda, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mama, mimi nimechanganyikiwa. Muuzaji kaweka mjusi. Mpokeaji anataka mjusi. Mjusi yupo. Sasa nyoka ni wa nani?"

"Nyoka ni abiria wa kudandia. Mtu wa kaunta alilifungua boksi la Gendon, akamtia nyoka wake, akatoboa matundu mapya kwa bisibisi, akafunga tena. Jina lake halionekani popote. Ikiharibika, ni kesi ya Gendon na Bi Wening."

"Lakini boksi lingefika kwa Bi Wening, angemkuta."

"Angemkuta." Palupi aligusa ile kona iliyonyooka. "Kwa hiyo ni lazima atolewe kabla. Atolewe hapa. Na mtu mwenye kisu." Akageuka. "Bwana Kuncoro, Ngatimin alipangiwa zamu ya leo?"

"Leo?" Kuncoro alifikiri. "Hapana. Leo alikuwa ampeleke mkewe kliniki. Jana jioni aliomba abadilishane na mwenzake. Aliomba sana, hata nikamwonea huruma."

Tarmuji alilitazama boksi upya.

"Kumbe aliyeumwa ndiye..."

"Ndiye aliyekuwa akimsubiri nyoka."

"Sasa mtu anakufa, mama. Kama anamjua nyoka, kwa nini hasemi?"

Palupi alikuwa akijiuliza hilo hilo. Mtu anaweza kuficha wizi wa simu mpaka jela. Lakini nani anaficha sumu iliyo mwilini mwake mwenyewe? Na yule kijana hakuwa hata na sura ya kuogopa. Alikuwa akitabasamu.

*

Walipofika hospitali, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya kusini, meusi, na upepo ulishaanza kuzungusha majani uani. Ngatimin hakuwa akitabasamu sana sasa. Fizi za chini zilikuwa na mstari mwembamba wa damu.

Palupi alivuta kiti karibu. Hakufoka. Alimwonyesha kwenye simu picha ya matundu, upande wa kushoto, upande wa kulia, halafu kona.

"Kisu kiko wapi, kaka?"

Ngatimin alitazama ukuta.

"Sina haja na kazi yako," Palupi alisema. "Hilo ni la Bwana Kuncoro na wakubwa zake. Mimi nataka nyoka."

"Mama, mnakuza mambo." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Yule hana sumu. Ni yule wa kijani mwenye mkia mwekundu, wa kwenye mianzi. Huko kwetu tumeumwa naye tangu utoto, unanawa, unaendelea na kazi."

"Asubuhi hukumwona vizuri. Alipita kama umeme. Sasa unajua hadi mkia?"

Alifumba macho. Machozi mawili yakamtoka, au jasho.

"Yule bwana wa Kediri aliniambia kwa simu. Tazama mkia, ukiwa mwekundu ni salama. Nikautazama. Ni mwekundu kweli. Ningejitangaza vipi nifukuzwe kazi kwa nyoka asiye na sumu, na mtoto anakuja wiki hii?"

Daktari Kusuma, aliyesimama miguuni pa kitanda, aliweka mkono kwenye reli.

"Kijana, wa kijani wako wawili," alisema taratibu. "Wote wawili wana mkia mwekundu. Mkia haukwambii kitu. Unatazama kichwa. Asiye na sumu kichwa chake ni chembamba, kimeendelea na shingo, na mboni ya jicho ni duara. Mwenye sumu kichwa ni kipana kama ncha ya mkuki, shingo imeingia ndani, mboni imesimama wima kama ya paka. Wako alikuwaje?"

Ngatimin alijaribu kukumbuka. Ilionekana usoni mwake jinsi anavyotafuta na hapati.

"Sijui. Alikuwa ndani ya mfuko. Mguu wa suruali ya zamani, umefungwa fundo. Niliuchomoa tu, nikachungulia mkia. Nilipokuwa nafunga tena, akaniuma kupitia kitambaa. Nikakaza kwa mkono mmoja, nikauficha, nikarudi kwenye mkanda nikapiga kelele."

"Ukauficha wapi?" Palupi aliuliza.

Nje, tone la kwanza liligonga bati la kibanda cha walinzi, kisha yakafuatana mengi kwa pamoja.

Palupi alisikia mvua, na ndani ya mvua akasikia sauti ya asubuhi. *Usifungue kiti, sawa?*

Alisimama.

"Umemweka kwenye pikipiki. Chini ya kiti."

"Nilimwambia asifungue," Ngatimin alinong'ona. "Nilimwambia."

"Na koti lake la mvua liko wapi?"

Kijana alimtazama. Hakuna mwendesha pikipiki wa Semarang anayehitaji kulifikiria swali hilo wakati wa masika. Koti la mvua hukaa mahali pamoja.

"Lipo humo," alisema, akaanza kujivuta ainuke, na daktari akamrudisha chini kwa mikono yote miwili.

*

Tarmuji aliendesha. Palupi alipiga simu ya Sumirah, ikaita hadi ikachoka. Akapiga tena. Mtu aliyeshika usukani wa pikipiki kwenye mvua hapokei simu. Katikati aliwapigia zimamoto, ambao mjini humo huitwa kwa nyoka mara nyingi kuliko kwa moto, akawaambia wawafuate barabara hiyo hiyo.

"Barabara ya kwao ni moja," Tarmuji alisema, pua yake karibu iguse kioo. "Inapanda kwenda Ungaran. Labda ameshafika."

"Aliondoka muda mrefu uliopita. Lakini alisema atapitia sokoni kununua sarongi mpya." Palupi hakukumbuka kama Sumirah alisema hivyo au yeye ndiye alitamani awe amesema. "Endesha tu."

Chini ya daraja la barabara kuu waliona pikipiki. Zilikuwa nyingi, zimebanana pale pakavu, na kila moja kiti chake kimeinuliwa kama mdomo uliofunguka. Watu walikuwa wakivuta makoti, ya bluu, ya waridi, wakiyakung'uta, wakiyavaa kwa kuruka mguu mmoja. Palupi alitoka kabla gari halijasimama. Alipita kati yao akitazama matumbo tu. Hakuna.

Kisha akamwona upande wa pili wa nguzo, ukingoni mwa mvua. Sumirah alikuwa amelowa chapachapa, hijabu imemgandia, mkono mmoja chini ya tumbo. Mbele yake mwanamume wa makamo mwenye helmeti alikuwa ameinama, funguo mkononi, akihangaika na kufuli la kiti.

"Tulia dada, haya makufuli mimi nayajua," alikuwa akisema. "Unalipiga kofi kidogo, linaachia."

Akainua kiganja.

"Acha!" Palupi hakuwa na kawaida ya kupiga kelele, na sauti yake ilimshangaza hata yeye. "Polisi. Toa mkono hapo. Nyote rudini nyuma."

Mwanamume yule aliachia funguo kana kwamba zina moto. Palupi alimshika Sumirah bega, akamvuta hatua kadhaa hadi kwenye nguzo.

"Ameku... kuna kitu kimekugusa? Mkono? Kidole?"

"Hapana. Kuna nini?"

"Ulifungua kiti?"

"Sijafungua. Huyu mzee ndiye aliyeng'ang'ania, anasema mjamzito halowani." Sumirah alitazama pikipiki, akamtazama Palupi. "Mimi nilimwambia aache. Nimelowa tangu sokoni. Ngatimin alisema nisifungue."

"Kwa sababu ya kufuli."

"Kufuli!" Alicheka kidogo, meno yakigongana. "Linakwama kidogo tu, ila linafunga, nalifungua kila siku. Huyo hajui kudanganya. Nilijua kamnunulia mtoto kitu, kakificha humo. Nikaona bora nilowe kuliko nimharibie."

Palupi alivua jaketi lake, akamvika.

"Kaa hapa na Sajenti. Usisogee."

Zimamoto walikuja wawili, na fimbo ya ndoana na ndoo yenye kifuniko. Mmoja alipiga kiti kofi, kama alivyotaka yule mzee, akakiinua kwa ncha ya fimbo. Fundo la mguu wa suruali lilikuwa limelegea. Nyoka alishatoka nusu, amejikunja juu ya koti la mvua la manjano, kijani kibichi kama jani la mgomba, mkia mwekundu umening'inia pembeni. Kichwa alikuwa amekiinua. Kilikuwa kipana, shingo nyembamba, na jicho lilimtazama Palupi kwa mstari mmoja mweusi uliosimama wima.

Alipiga picha, akavuta karibu, akapiga nyingine, akazituma.

Daktari Kusuma alipiga wakati ndoo ikifunikwa.

"Nimeiona. Surabaya nao wameiona, wanatoa chupa. Kuna kampuni ya vifurushi inayofikisha jioni hii hii, wanauliza..."

"Hapana," Palupi alisema. "Nawapigia wenzangu wa huko. Askari aipakate dawa ndani ya treni mpaka Semarang, barafu na kila kitu. Asiishushe magotini. Tutawahi?"

"Uvimbe haujafika begani. Tukiipata jioni hii, nina matumaini naye. Mengi tu."

Simu ya pili aliwapigia polisi wa Kediri, wakae mbele ya kaunta ile bila kuingia, mpaka Palupi atakapofika mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya ghalani.

"Bwana Kuncoro, pitia maboksi yote ya kutoka Kediri. Lenye matundu ya namna mbili usiliguse, niite. Tena, asubuhi ulimpelekaje Ngatimin hospitali?"

"Kwa pikipiki yake. Yangu haikuwa na mafuta. Yeye nyuma, mimi mbele."

"Basi kaa chini kwanza, nikwambie nyoka alikuwa wapi."

"Nimekaa, Inspekta."

"Hata asubuhi ulikuwa umekaa."

Kisha akasikia kitu kama kiti kinachoanguka, na sauti za watu wakiuliza bosi ana nini.

Mvua ilikuwa ikipungua. Watu chini ya daraja walianza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akikitazama kiti chake kabla ya kukikalia. Sumirah alikuwa amesimama palepale, jaketi la polisi halifungiki mbele kwa tumbo. Tarmuji alikuwa amemweleza yote, kwa ufupi na vibaya.

"Sajenti," Sumirah alisema, "hakuna kingine humo?"

Tarmuji, aliyekuwa ameogopa mjusi wa kwenye kopo, alienda akainama juu ya kiti kilichofunguka. Aliinua koti la mvua kwa vidole viwili. Akaangalia chini yake, na kwenye kona, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Spana," alisema. "Na kitambaa cha kufutia. Hakuna, dada."

Sumirah aliitikia kwa kichwa. Alijifuta uso kwa mkono wa jaketi, akavuta pumzi, akaweka kiganja pale mtoto alipokuwa anapiga teke.

"Basi nipelekeni hospitali," alisema. "Na mwambieni daktari amponye vizuri, asibakize hata kidogo. Mimi nitaanzia hapo atakapoishia."